Mnaabudu Stika

Jumamosi moja kijiweni kwetu Mwananyamala, pale tunapokutana kusomeana tulichoandika, mwenzetu mmoja alitoa laptopu yake nyeusi ya mtumba, kioo kimepasuka pembeni, ili atusomee sura ya tatu ya riwaya yake. Kabla hajafungua mdomo, mshikaji mwingine akamkata: "We bwana, hilo dude bado linawaka? Nilidhani ni sinia la mama ntilie." Watu wakaangua kicheko. Na mimi nilicheka, sitaficha. Yule ndugu akasoma sura yake harakaharaka, kama mtu anayesoma risala mbele ya mkuu wa wilaya anayetazama saa, kisha akafunga mashine, akaitia kwenye begi, akaondoka. Wiki iliyofuata hakuja. Na iliyofuata hakuja. Sura ile ya tatu ilikuwa nzuri kuliko kitu chochote kilichosomwa pale tangu tuanze.

Huyo mcheshi aliyemkata ana kompyuta ya zaidi ya dola elfu moja, aliyoletewa na kaka yake kutoka Dubai. Inang'aa. Mgongoni ina nembo. Tangu aipate mpaka leo ameandika kurasa nne, na mbili kati ya hizo ni shukrani.

Ndugu zangu waandishi chipukizi, makala hii ni ya kugombana. Sikuja kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Nasema hivi: kompyuta zinauzwa ghali kupita kiasi, na sehemu kubwa ya ughali huo hatulazimishwi na mtu yeyote. Tunajipeleka wenyewe kwa mchinjaji, tena njiani tunasifia makali ya kisu.

Nianze na mimi mwenyewe, nisije nikaambiwa nyani haoni kundule.

Nilipomaliza kidato cha nne nilikaa mtaani miaka mitatu nikisaidia kwenye steshenari ya dada mmoja: kutoa kopi, kulaminisha vyeti, kuchapa barua za maombi ya kazi za watu ambao wengi wao kazi hawakupata. Usiku nilikuwa naandika riwaya kwenye kaunta buku. Nilikuwa nimefika ya tatu. Ndipo likanijia wazo kwamba mtu wa siku hizi hawezi kuitwa mwandishi bila laptopu, na wala si laptopu yoyote, bali ile wanayokuwa nayo waandishi wa kwenye sinema, wamekaa mgahawani karibu na dirisha, kahawa inafuka moshi, mvua inanyesha nje kwa adabu. Mama alikuwa anacheza upatu na wenzake sokoni. Zamu yake ilipofika, pesa zile zilikuwa za bati za chumba cha uani kinachovuja. Nilimlilia wiki mbili. Akanipa. Nikaongeza akiba yangu, jumla ikawa laki tisa na nusu, nikaingia Kariakoo.

Duka silitaji, wala kampuni iliyotengeneza ile mashine siitaji. Hayo mambo si ya mmoja. Muuzaji alinipokea kwa "karibu bosi wangu" na kiti cha plastiki. Kwenye rafu kulikuwa na mashine mbili jirani. Ya kwanza nene, nyeusi, ya kiofisi, mtumba wa Ulaya. Laki tatu na themanini. Ya pili nyembamba kama bahasha, rangi ya fedha, nayo ni mtumba vilevile, ila ina jina ambalo hata mtoto wa darasa la pili analijua. Laki tisa na nusu kamili, kana kwamba walikwishahesabu mfuko wangu. Nikauliza tofauti ni nini. Jamaa akanitazama kwa huruma. "Kaka, hii ni jina. Hiyo nyingine ni kompyuta tu."

Hiyo nyingine ni kompyuta tu! Mtu mwenye akili angelipa palepale na kuondoka nayo mbio, maana kompyuta ndiyo niliyoifuata. Mimi nikanunua jina.

Kwa miezi saba jina lilifanya kazi. Nilihamisha kaunta buku mbili za kwanza, kisha nikaanza kuandika moja kwa moja kwenye mashine, mpaka nikafika ukurasa wa 214. Hapo ikaanza kuchoka. Ukifungua mambo mawili kwa pamoja inaganda, feni inalia kama mashine ya kusaga. Nikaipeleka kwa fundi, mzee mmoja mwenye miwani miwili, mmoja puani na mwingine kwenye paji la uso. "Shikamoo fundi." "Marahaba. Lete mgonjwa." Akaifungua kwa bisibisi ndogo kama sindano, akachungulia, akanyamaza. Nikamwomba aniongezee RAM. "Mwanangu," akasema, "hapa huongezi kitu. RAM imelehemiwa kwenye bodi. Diski nayo imelehemiwa. Waliitengeneza ikiwa imeshafungwa."

Wiki sita baadaye umeme ulikatika na kurudi mara tatu ndani ya saa moja, na bodi ikaungua. Kwenye ile mashine nyeusi ya laki tatu na themanini, fundi angefungua skrubu, angechomoa diski, angeichomeka kwenye mashine nyingine, na maandishi yangu yangekuwa palepale. Kwangu hapakuwa na cha kuchomoa. Nilibaki na kaunta buku zangu. Yale niliyoandika moja kwa moja kwenye mashine, kurasa tisini na kitu, yalikwenda na bodi. Mama hakuniuliza habari za kompyuta. Aliuliza kama hadithi imeisha. Masika yalipofika aliweka ndoo mbili chumba cha uani.

Mtaniambia kosa ni langu, sikuweka nakala. Kweli sikuweka, na flashi ya elfu kumi na tano ingeniokoa. Nimejichapa bakora za kutosha kwa hilo. Lakini nijibuni na ninyi: kwa nini mashine isiyofungulika, isiyoongezeka, isiyookoka, iuzwe zaidi ya mara mbili ya ile inayofungulika, inayoongezeka na inayookoka? Na kwa nini mimi niliyekuwa nahesabu nauli ya daladala niliona fahari kulipa?

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nikaanza kuuliza, kusoma na kuwasumbua mafundi. Niliyoyakuta nawaletea.

La kwanza ni hili la majina. Tunabishana vijiweni, HP na Dell, Dell na Lenovo, mpaka mishipa inatutoka shingoni kama watu wa Simba na Yanga. Lakini kuna kampuni ya Taiwan inaitwa Quanta, imeanzishwa mwaka 1988, ambayo imekuwa ikiunganisha laptopu za Apple, za HP na za Dell. Kuna nyingine ya hukohuko Taiwan, Compal, imetengeneza za Dell, za HP, za Lenovo na za Acer. Sisemi kwamba mashine zote ni sawa, maana mwenye jina ndiye anayeagiza: weka bawaba ya chuma au ya plastiki, weka betri kubwa au ndogo. Ila ule ukoo tunaoupigania, kwamba wa huku ni damu moja na wa kule ni damu nyingine, haupo. Ni cherehani moja inayoshona mashati ya lebo mbalimbali, na sisi tunachaniana mashati kwa ajili ya lebo.

Tena majina yenyewe yanakufa na kuuzwa kama viwanja. Compaq, lililokuwa jina kubwa miaka ya tisini, lilimezwa na HP mwaka 2002. ThinkPad ilizaliwa kwa IBM mwaka 1992, na mwaka 2005 biashara yote ya kompyuta ndogo za IBM ikaenda kwa Lenovo ya China. Toshiba, ambayo wazee wa ofisi wanaiapia mpaka leo, iliuza sehemu kubwa ya biashara yake ya kompyuta kwa Sharp mwaka 2018, na mwaka 2020 ikamalizia kipande kilichobaki. Siku hizi mashine hizo zinaitwa Dynabook. Lakini nenda kijiweni ukaseme neno baya juu ya Toshiba! Utapigwa na watu wanaomtetea marehemu ambaye hata msibani kwake hawakwenda.

La pili ni stika. Hapa naomba mwenye haraka atulie, kwani hapa ndipo pesa za wengi zinapozama.

Mwaka 1991 kampuni ya Intel ilianzisha kampeni yake ya kubandika "Intel Inside" kwenye kompyuta za watu wengine. Kabla ya hapo mnunuzi wa kawaida hakujali prosesa imetoka wapi, kama ambavyo hujali msumari wa kiti umetoka wapi. Baada ya hapo stika ikawa ndiyo bidhaa. Leo kijana anaingia dukani na sentensi moja kichwani: "Nataka Core i7." Ukimuuliza i7 ya mwaka gani, anaona unamdharau.

Sasa sikilizeni. i7 siyo kipimo cha nguvu kama kilo au lita. Ni cheo ndani ya kizazi chake, na vizazi vinapita. Prosesa ya laptopu iitwayo i7-4600U ni ya mwaka 2013 na ina viini viwili. Nyingine iitwayo i5-8250U ni ya mwaka 2017 na ina viini vinne. Yule mwenye cheo kidogo anamwacha mbali yule mwenye cheo kikubwa, kwa sababu mmoja ni koplo wa jeshi la leo na mwingine ni meja mstaafu. Lakini dukani meja mstaafu anauzwa bei juu, kwa kuwa stika yake ina namba saba na ya mwenzake ina namba tano. Tarakimu inayofuata baada ya kistari ndiyo inayokwambia kizazi: 4 ni cha nne, 8 ni cha nane. Nani dukani atakwambia? Na stika zenyewe nimeziona kwa macho yangu zikiuzwa kwa karatasi nzima, mpya, zinameremeta, kama picha za wachezaji mpira tulizokuwa tunabandika kwenye madaftari. Unachagua cheo unachotaka, unabandika.

Na kizazi si jambo la kujidai tu. Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021 iliweka sharti kwamba kwa prosesa za Intel inaanzia, kwa jumla, kizazi cha nane. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ikaacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida yake. Yule aliyelipa zaidi kwa meja mstaafu akajikuta nje ya geti, na koplo yuko ndani anakunywa chai. (Kwa aliyekwishanunua, asilie. Linux ni ya bure na mashine kuukuu inaibeba bila kunung'unika. Nitarudi hapo.)

La tatu, ambalo litanigombanisha na marafiki, ni lile tofaa lililong'atwa.

Sina ugomvi na mhandisi wa Apple. Prosesa yao ya M1, iliyotoka Novemba 2020, ilikuwa kazi ya watu waliokesha. Betri inadumu na mashine haipati joto. Ugomvi wangu ni na karani wao wa bei, na zaidi na waumini wake. Zamani ungeweza kufungua MacBook Pro ukaongeza RAM mwenyewe. Mwaka 2012 wakatoa ile ya kioo cha Retina, RAM imelehemiwa. Ukishafunga mlango, unauza hewa ya ndani kwa bei unayotaka. Kwa miaka kadhaa, kutoka GB 8 kwenda GB 16 walitoza dola 200, wakati kipande cha RAM cha GB 8 cha laptopu nyingine ungekipata mwaka 2023 kwa dola ishirini hivi.

Mwaka huohuo wa 2023 wakatoa MacBook Pro ya dola 1,599 yenye GB 8. Mashine ya "Pro"! Watu walipopiga kelele, mkubwa mmoja wa masoko akajibu kwamba GB 8 za kwao pengine ni sawa na GB 16 za wengine. Na waumini, hapa ndipo nilipocheka mpaka nikakaa chini, wakaipokea hoja hiyo wakaenda kuihubiri bure, bila mshahara. Walinielimisha kwamba RAM ya Apple ni ya aina nyingine, imekaa jirani na prosesa, haifanani na hizi zetu za kuchomeka. Ni kweli, ni aina nyingine. Basi Oktoba 2024 Apple wenyewe wakatoa MacBook Pro mpya, GB 16, kwa dola zilezile 1,599. Na MacBook Air zikapandishwa kutoka GB 8 hadi 16 bila kuongeza hata senti. Kama iliwezekana Oktoba 2024 bila kampuni kulala njaa, zile dola 200 za miaka yote hiyo zilikuwa bei ya nini? Na wale mahubiri wakayakunja kimyakimya, siku ya pili wakasifia GB 16 kwa sauti ileile.

Kampuni hii ndiyo iliyouza kigoda cha kioo cha kompyuta kwa dola 999 mwaka 2019, kigoda peke yake, kioo unalipia mbali. Ndiyo iliyouza magurudumu manne ya kompyuta ya mezani kwa dola 699 mwaka 2020. Ndiyo iliyouza kitambaa cha kufutia kioo kwa dola 19 mwaka 2021. Kitambaa! Mama yangu amefutia kioo cha televisheni kwa kipande cha khanga tangu nizaliwe na bado tunamwona msomaji habari.

Lakini siwezi kumchukia anayeuza kitambaa kwa dola 19. Anauza kwa kuwa kuna anayenunua.

Niwe mkweli, si kila bei ni ubishoo wetu. Kuna ughali unaotoka juu, ambao wewe na mimi hatuna ubavu nao. Soko kubwa la RAM duniani liko mikononi mwa kampuni tatu: Samsung, SK Hynix na Micron. Na wakubwa wa biashara hii waliwahi kukamatwa wakipanga bei gizani. Nchini Marekani Infineon ilitozwa faini ya dola milioni 160 mwaka 2004, Hynix milioni 185 mwaka 2005, na Samsung milioni 300 mwaka huohuo, baada ya kukiri. Mwishoni mwa 2025 bei ya RAM ilipaa tena, safari hii kwa sababu majumba ya mitambo ya akili bandia yanazimeza kama nzige, na Desemba ya mwaka huo Micron ikatangaza kuliacha jina lake la Crucial, lile lililokuwa likiuzia watu wa kawaida. Mteja mdogo kaambiwa asubiri nje. Hayo ni mambo ya wenye nguvu. Mimi nagombania ile sehemu iliyo mikononi mwetu, tofauti ya laki tatu na themanini na laki tisa na nusu, ile ambayo hakuna genge la Korea lililoniwekea bastola kichwani niilipe.

Maana sisi tunahitaji nini hasa? Hapa sisemi na wanaohariri video, wala wachoraji wa majengo, wala watengeneza muziki; hao wana hesabu zao. Nasema na ninyi mnaotaka kuandika riwaya. Ukurasa mmoja wa maandishi una herufi elfu mbili hivi. Kurasa zangu 214 zilikuwa hazifiki hata nusu ya megabaiti moja kama maandishi matupu. Zingeingia kwenye ile disketi ya zamani ya megabaiti 1.44, ambayo watoto wa leo wanaijua kama kipicha cha kuhifadhi kazi tu, na nafasi ingebaki ya kuandika nyingine mbili. Unataka GB 16 za nini? Mhusika wako mkuu ana mwili mzito kiasi gani?

George R. R. Martin, yule Mmarekani mwenye vitabu vizito kama tofali, alisema kwenye televisheni mwaka 2014 kwamba riwaya zake anaziandikia WordStar 4.0 kwenye kompyuta ya DOS isiyounganishwa na intaneti. WordStar 4.0 ni ya mwaka 1987. Huyo ana pesa za kununua duka zima. Kwetu, Kufa na Kupona cha Elvis Musiba kilitoka mwaka 1974, na 1974 ndio mwaka ambao serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini! (Kisa chake ni kirefu, siku nyingine.) Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Sijasikia mtu akisema kazi zake zingekuwa bora kama angekuwa na kioo cha Retina.

Na programu? Kuna LibreOffice, ya bure, inaandika, inapanga kurasa, inahifadhi kwa namna ambayo mhariri yeyote ataifungua. Inakwenda bila shida kwenye mashine ya GB 4. Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliitafsiri babu yake, OpenOffice, kwa Kiswahili, wakaiita Jambo OpenOffice. Wangapi kati yenu mliwahi kuisikia? Walifanya kazi kubwa ya kutuwekea menyu ya Kiswahili, bure, sisi tukawa tunatafuta diski za wizi za programu ya Kiingereza kwa kuwa ile ndiyo "yenyewe".

Wapo watakaosema: kitu kizuri hakikosi bei, na rahisi ni ghali. Sawa. Lakini hata ghali ni ghali, nimeishi hilo. Wengine watasema mashine nzuri inakupa moyo wa kuandika. Hii ndiyo hoja inayoniuma, kwa kuwa niliiamini. Moyo ule ulidumu siku tisa. Siku ya kumi nilikuwa na sura mbaya mbele yangu kwenye kioo kizuri, na ilibidi niifute kama ambavyo ningeifuta kwenye kaunta buku. Baya zaidi, hoja hiyo inawapa watu ruhusa ya kusubiri. Nawajua wanne kijiweni kwetu ambao wana riwaya nzima kichwani na wanasubiri mashine. Mmoja anasubiri mwaka wa tatu. Wakati huo anakuja kila Jumamosi na anatoa maoni juu ya kazi za wenzake.

Mwezi uliopita nilikwenda Tandale kumtafuta yule wa sinia la mama ntilie. Nilimkuta. Nikamwamkia mama yake, nikakaribishwa chai. Nikamwomba radhi, kwa kuwa nilicheka. Akasema yamekwisha. Nikamuuliza sura ya nne imefika wapi, akasema ameisimamisha, anadunduliza. Akipata mashine ya maana atarudi kijiweni. Anadunduliza kwa ajili gani? Mashine yake inawaka! Nilimwangalia anavyoitazama, ameifunika kitambaa kama mtu anayeficha jipu. Kicheko chetu cha sekunde tano kimemgharimu miezi, na kitamgharimu laki kadhaa asizokuwa nazo. Hiyo laki haiendi Marekani wala Taiwan peke yake, ndugu zangu. Sisi tuliocheka ndio madalali wake.

Mimi sasa ninayo nyeusi, nene, ya laki nne na ushei, nimeipata kwa fundi wa miwani miwili. Kizazi cha nane, GB 8, diski ya kuchomoa. Alinifungulia nikaiona kwa macho kabla sijalipa. Bawaba moja imekatika, tumeifunga kwa waya. Nimeanza upya kutoka kaunta buku, niko ukurasa wa 131, na kila usiku nakala inakwenda kwenye flashi, flashi inalala kwenye kabati la mama pamoja na hati ya kiwanja. Bati bado hatujanunua.

Yule ndugu wa Tandale nimemwahidi kwamba Jumamosi ijayo nitasoma kwanza mimi, kwenye dude langu la waya, ili naye akija asiwe peke yake. Anayetaka LibreOffice aje na flashi yenye nafasi. Na yule wa Dubai namkaribisha acheke mapema, akimaliza atusomee zile kurasa nne.